Tarishi wa Koridoni

Chakula kilikuwa tayari, na Bi Pasi akasema kama alivyozoea kusema kila jioni kwa miaka miwili, huku uso ukiwa kwenye sufuria, "Mwambie baba yako aje ale."

Alikuwa anapakua sahani ya pili alipokumbuka kwamba hakuna wa kumwambia. Binti yao alikuwa ameondoka siku tisa zilizopita kwenda chuo cha uuguzi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Koridoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na zulia jembamba, mlango wa bafu upande wa kushoto, na taa iliyowaka inapotaka yenyewe. Uani mashine ya kuchongea funguo ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba hata jirani angeanguka kutoka kwenye paa, Fundi asingesikia.

Mashine ikazimwa. Fundi akaingia akifuta mikono kwa taulo, akavuta kiti, akala.

Bi Pasi akamtazama kidogo, kisha akatazama sahani yake. Njaa imemleta, alijiambia. Tumbo nalo lina saa yake. Akala bila kusikia ladha, akaosha vyombo, akalala.

Tuseme kweli mapema, maana hadithi ya namna hii ikianza kwa kufichana haifiki mbali: watu hawa wawili walikuwa hawasemezani. Mume alikuwa fundi wa vitasa, na mtaa mzima ulimwita Fundi kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Mke alipiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali na nyumba za wageni, na huko ndiko alikopewa jina la Bi Pasi. Mungu aliwapa watoto wawili. Wa kwanza, kijana waliyemwita Mkubwa, alizaliwa na pumu. Asubuhi moja pumu ilimbana akiwa bafuni, na komeo alikuwa amelifunga kwa ndani. Mama yake aliupiga ule mlango kwa bega, akaupiga kwa kigoda, akapiga simu mara tatu kwa mtu pekee ambaye angeufungua kwa dakika moja. Simu haikupokelewa. Majirani walipouvunja, kijana alikuwa amekaa ameegemea ukuta, povu la sabuni bado liko masikioni.

Walipotoka kuzika, Bi Pasi alimuuliza mumewe swali moja tu. "Ulikuwa wapi?"

Fundi alifungua kinywa, akakifunga. Mtu ambaye hakuna kitasa kilichowahi kumshinda, kinywa chake mwenyewe kikamshinda. Tangu siku hiyo mke hakumsemesha tena, na mume, kwa aibu au kwa ukaidi, naye akanyamaza.

Ikabidi binti awe wa katikati. Mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile. Fundi, ambaye wakati ule alikuwa bado na kamzaha kadogo kalikobaki, akampa jina la Tarishi, kama wale wa ofisini wanaotembeza mafaili. Na mtoto yule alikuwa tarishi mwema. Mama akisema, "Mwambie huyo asiniachie vyuma mezani," yeye alikwenda kusema, "Mama anakuomba utoe vyuma." Alikuwa akiyaosha maneno njiani kabla ya kuyafikisha. Sasa alikuwa ameondoka, na wazazi wake hawakuwa wamejifunza lolote.

Jioni ya tatu baada ya ile ya kwanza, Bi Pasi alikuwa jikoni, akasikia ndara koridoni. Kwap, kwap, kwap, mwendo wa kuburuta, wa mtu mvivu wa kunyanyua miguu. Zikaishia karibu na mlango wa jikoni. Ikaja harufu ya sabuni ya kipande na ya ukuta mbichi.

"Baba anasema chumvi imezidi," ikasema sauti ya msichana.

"Mwambie aongeze maji," akajibu Bi Pasi.

Kisha mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Mimi ningekimbia, na wewe pia ungekimbia na kiatu kimoja mguuni. Bi Pasi hakukimbia. Alingoja woga uje, haukuja. Tangu siku ya mazishi, ndani yake kulikuwa kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa ganzi hii haikuwa ikiachia. Akageuka, akaitazama korido tupu, akageuka tena, akaendelea kukoroga. Koo halikukauka hata kidogo. Na hilo, ukiniuliza mimi, ndilo lililokuwa la kutisha kuliko sauti yenyewe.

Kwa hiyo akaizoea. Mtu huzoea hata jino bovu. Alisema neno lake hewani, ndara zikaenda. Ndara zikarudi na jibu. Binti alipopiga simu Jumapili, aliuliza, "Mama, siku hizi mnaelewanaje na Baba?"

"Tunaelewana."

"Nani anawapelekea maneno?"

"Mwanangu, wewe soma."



Tarishi huyu mpya hakuosha maneno. Aliyachafua, na alianza kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza maziwa ya jirani kikombe kwa kikombe. "Baba anasema umezeeka." "Baba anasema harufu ya mashuka ya wagonjwa unayokuja nayo inamchosha." Bi Pasi akahamisha mto wake, akawa analala kwenye kitanda cha binti. Hakulia. Alipanga nguo zake kwenye kabati la mtoto kama anayepanga za mteja.

Mara moja tu alijaribu kutuma neno la maana. Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko. Alisimama mbele ya mlango wa bafu, ule mpya usio na komeo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie baba yako kwamba mimi ndiye niliyemwomba aliweke lile komeo. Mtoto alilalamika kuwa dada yake anamwingilia bafuni, nikamsumbua baba yako wiki nzima mpaka akaliweka. Mwambie ni mimi."

Ndara zikaenda polepole. Zilichelewa kurudi. Mwisho sauti ikasema, karibu sana na shingo yake, "Baba anasema anajua. Anasema kila mtu anajua."

Bi Pasi akaenda kuanika nguo.

Kazini, mashine yao ya pasi ilikuwa na bamba refu la moto, na shuka hupitishwa na watu wawili. Alasiri moja mwenzake upande wa pili akapiga ukelele. Kiganja cha Bi Pasi kilikuwa kimelala juu ya bamba, na yeye anatazama dirishani.

Msimamizi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliuvuta ule mkono akaupeleka kwenye maji. "Shoga! Mkono unaungua na wewe umetulia kama unapakwa hina! Huumii?"

"Siumii."

Msimamizi akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana kiwandani pale. Akamfunga kitambaa. Kisha akasema kwa kunong'ona, "Mwenzangu, hilo si la kuungua. Hilo ni la kutafutiwa mtu."

"Mganga?"

"Hapana. Hana uvumba wala hirizi. Ana viti vitatu na boksi la tishu. Mimi na mume wangu alitukuta tunarushiana masufuria, leo tunarushiana maneno tu, na mengine ni mazuri."

Namba aliyompa ilikuwa na tarakimu moja pungufu. Bi Pasi akaanza kutafuta mwenyewe. Aliuliza kwenye zahanati ya mtaa, wakamwambia mshauri wao huja Alhamisi. Alipokwenda Alhamisi, wakamwambia ni Alhamisi nyingine. Kwenye simu alipata mmoja aliyetaka kwanza amuuzie vidonge vya kuongeza damu. Mwingine alimsikiliza dakika kumi kwa huruma, ndipo ikajulikana kuwa yeye ni mshauri wa mambo ya kilimo. Bi Pasi alikaribia kucheka. Alisikia kicheko kinapita mbali, kama gari la mtaa wa pili. Mwisho msimamizi mwenyewe akamkumbusha: ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, panda ngazi za chuma.

Sasa, atamwambiaje mumewe? Akafanya alichozoea. "Mwambie baba yako kuna mshauri. Jumanne saa tisa. Twende wote."

Jibu lilirudi upesi mno, kana kwamba ndara hazikufika hata mwisho wa korido. "Baba anasema yeye si mwendawazimu. Uende peke yako na usirudi."

Siku nyingine angelimeza na hilo. Lakini ule mkono uliofungwa ulikuwa mbele ya macho yake, mkono unaoungua bila kuuma, na akawaza kwamba siku moja ataulaza uso mzima kwenye lile bamba na bado ataendelea kutazama dirishani. Kesho yake alikwenda kwenye kibanda cha Fundi, akasimama kwenye foleni nyuma ya mtu aliyevunjia ufunguo ndani ya kitasa. Zamu yake ilipofika, akaweka karatasi juu ya meza. Aliandika: Jumanne saa tisa, juu ya duka la miwani. Njoo.

Fundi akasoma. Akasoma tena. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na uso wa mtu anayeambiwa jambo mara ya pili.

Ngazi za chuma zililia chini ya viatu vyao kwa namna ambayo hata paka asingepita pale kwa siri. Mapokezini alikuwepo bibi mmoja anayefuma kitambaa, na nyuma yake mlango ulioachwa wazi kidogo. Ndani ya mlango sauti ya mwanamke ikaita, "Mwambie anayefuata aingie!"

"Ingieni," akasema bibi bila kuinua macho kwenye sindano zake.

Mshauri alikuwa mwanamama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akawakalisha, kiti cha tatu akakaa mwenyewe. "Hapa kwangu sheria ni moja," alisema. "Neno 'mwambie' haliingii humu ndani. Mwenye kinywa yupo, mwenye masikio yupo, wa katikati wa nini?" Bi Pasi akaona kwamba sheria ile haikumhusu mwenye sheria.

Saa nzima ikapita kwa kukohoa. Mara mbili Fundi alianza, "Mwambie mama ya…" akakatizwa kwa kidole. Karibu na mwisho Mshauri akauliza ni nani anayewapelekea maneno nyumbani.

"Kuna mtu," akasema Bi Pasi.

"Binti yenu?"

"Siye."

"Basi ni nani?"

Fundi akainua kichwa. Alikuwa amepauka midomo. Alimtazama mkewe machoni, mara ya kwanza tangu msiba, na yeye akaona katika macho yale kwamba naye huzisikia zile ndara, na kwamba kwa siku zote hizi kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Chumbani kukanuka sabuni ya kipande. Mshauri akapiga chafya, akafungua dirisha.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu ya mapaa. Fundi ndiye aliyetangulia kuingia, na Bi Pasi akamwona anasimama ghafla katikati ya korido. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Fundi akaushika, akausukuma, haukwenda. Ulikuwa umekomewa kwa ndani, mlango usio na komeo, na ndani yake maji yalikuwa yanadondoka tone moja moja kwenye beseni, na baina ya tone na tone ilisikika pumzi, pumzi nyembamba yenye mluzi ndani yake, ile ambayo mama aliyelea mtoto wa pumu huitambua hata akiwa usingizini, inavutwa, inakwama, inavutwa tena kwa shida zaidi, na kila ilipokwama kitu fulani kiligonga mlango kwa chini, mahali ambapo mtu aliyekaa sakafuni angefikisha mkono, kikagonga mara moja, kikagonga mara mbili, kikapumzika, na ile harufu ya sabuni na ukuta mbichi ikazidi mpaka ikawa kama wamo ndani ya beseni wote wawili.

Fundi alipiga magoti. Akafungua mkoba wake, vyuma vikamwagika, mikono yake iliyofungua vitasa vya nusu ya mji ikawa haishiki kitu. Bi Pasi alisimama hatua mbili nyuma yake. Alijua kwamba anapaswa kupiga mayowe. Alikuwa ameuma kitambaa cha mkononi mwake na anahesabu matone.

Kitu kikalia ndani ya ubao, mlango ukafunguka. Bafu lilikuwa kavu. Beseni lilikuwa kavu, limefunikwa kifudifudi kama Bi Pasi alivyoliacha asubuhi.

Fundi akabaki pale chini, akasema kwa sauti iliyochoka, "Mwambie mama yako hamna kitu. Mwambie asiogope, niko hapa."

Maneno yale Bi Pasi aliyasikia yote, kwa masikio yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Ndipo sauti ya msichana ikaja nyuma ya sikio lake, taratibu, ya upole. "Baba anasema wewe ndiye uliyemfungia humu."

Akageuka. Korido tupu. Akageuka kumtazama mumewe, ambaye alikuwa anaokota vyuma vyake kimoja kimoja.

Mwongo, akawaza. Ni mwongo huyu. Na chini kabisa ya ile ganzi kitu kikatikisika.

Jumanne iliyofuata, bibi wa mapokezi alikuwa ameshika shavu, jino linamtesa. Waliingia. Mshauri hakuwahi hata kuvaa miwani, Bi Pasi akakigeuza kiti chake kikamkabili mumewe.

"Baba watoto."

Fundi alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Nilikutumia neno. Nilisema mimi ndiye niliyekusumbua uliweke lile komeo. Ulilipata?"

"Nililopata mimi," akasema Fundi, na sauti ilimtoka kwa kukwaruza, "ni kwamba unasema mimi ndiye niliyeliweka. Kwamba nilimchongea mwanangu kaburi kwa bisibisi yangu."

"Sikusema."

"Na mimi nilikutumia jibu la swali lako. Si mara moja. Nilikuwa nasimama mlango wa uani, nasema."

"Lililonifikia ni, 'Baba anasema mama naye ajiulize alikuwa wapi.'"

Mshauri aliacha kuandika. Fundi akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa kwa kinyozi," alisema. "Nacheza drafti. Asubuhi ile tulikuwa tumegombana, kwa sababu ya taulo mbichi juu ya kitanda, unakumbuka? Simu ikaita, nikaona ni wewe. Nikasema, huyu anataka kuendeleza la taulo. Nikaigeuza kifudifudi. Ikaita tena. Ikaita tena. Nilikuwa nashinda, mama watoto. Nilimla yule mtu kete mbili simu inaita."

Bi Pasi hakusema nimekusamehe, na nadhani alifanya vizuri, maana neno lile halikuwa tayari siku hiyo. Alifungua tu kinywa, akapiga ukelele. Ulikuwa ni mkono. Mkono ulioungua siku kumi na tisa nyuma ulikuwa umeanza kuuma, wote kwa pamoja, kuanzia kiganjani hadi begani, maumivu ya siku kumi na tisa yaliyokuwa yanangoja zamu, na nyuma ya mkono wakaja mtoto na povu la masikioni na mlango na kigoda. Alilia mpaka boksi la tishu likaisha. Fundi aliushika ule mkono mwingine, naye akalia kwa kelele mbaya, ya mtu asiyejua kulia.

Walipotulia, walimweleza Mshauri habari za ndara. Alisikiliza bila kucheka. "Mimi majini siyajui," alisema. "Najua mazoea, na mazoea nayo humpanda mtu kichwani. Mliajiri tarishi, basi mwachisheni kazi. Hapa hapa, mbele yangu, kwa vinywa vyenu."

Wakajisikia wajinga kidogo. Bi Pasi ndiye aliyesema, macho kwenye kona ya chumba, "Kazi yako kwetu imekwisha. Hatukuhitaji tena. Nenda zako."

"Nenda zako," akasema Fundi.

Kwap, kwap, kwap. Zilipita nyuma ya viti vyao, zikafika mlangoni, zikakoma. Ile harufu ikakatika. Mshauri alikuwa anatafuta kalamu chini ya meza, akasema, "Vizuri sana. Mnajisikiaje?"

"Naumwa na mkono," akasema Bi Pasi, na akatabasamu.

Nje, kiti cha bibi wa mapokezi kilikuwa kitupu. Karatasi juu ya meza ilisema: Nimekwenda kung'oa jino. Subirini mtaitwa. Mume na mke vijana walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamegeuziana mabega. Bi Pasi na Fundi waliwapita, wakashuka. Ngazi zikalia chini yao hatua kwa hatua, na walipofika barabarani Bi Pasi akasimama.

Ngazi zile zililia hata kwa paka. Lakini ndara zilifika mlangoni tu. Hakusikia kitu kikishuka.

"Nisubiri hapa," alimwambia mumewe, kwa kinywa chake. "Usiondoke. Narudi sasa hivi."

"Nakusubiri," akasema Fundi.

Alipanda mbio. Alikuwa amebakiza ngazi tatu aliposikia sauti ya Mshauri, changamfu, ikiita kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, "Mwambie anayefuata aingie!"

Kwap, kwap. Kisha karibu na benchi, kwa sauti ya adabu ya msichana aliyelelewa vizuri, "Mshauri anasema mume aingie peke yake. Anasema mke abaki nje, kwa kuwa kosa ni la nani ameshalijua."

Kijana akainuka, akamtazama mkewe, akaingia. Mke akabaki kwenye benchi, amekodoa macho.

"Usisikilize!" Bi Pasi alimwambia. "Hakusema hivyo!" Akausukuma mlango. "Mshauri, yupo humu. Amebaki kwako. Yule…"

Mshauri aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu aliyetukanwa hivi punde na anajizuia. "Nimeshaambiwa, mama," alisema kwa baridi. "Kama unaona mimi ni mbea wa kuvunja ndoa za watu, ungeniambia mwenyewe tulipokuwa tumekaa."

"Nani amekuambia?"

"Si bibi wa mapo…" Macho ya Mshauri yakampita Bi Pasi begani, yakafika kwenye kiti kitupu, kwenye karatasi iliyo juu ya meza. Akavuta hewa kwa pua. Akavuta tena.

Nje ngazi za chuma zikalia kwa kushukwa, zikalia kwa kupandwa, na kutoka chini barabarani Fundi akaita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitahidi kuuliza jambo ambalo jana angelimeza na kuondoka nalo. "Mama watoto! Ni kweli umesema nisikusubiri?"

Bi Pasi alikimbilia kwenye ngazi, akaushika ule uzio wa chuma kwa mkono mbovu, maumivu yakampanda hadi kichwani, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Uongo! Nisubiri! Ni mimi ninayesema!"

Nyuma yake, ndani ya chumba cha viti vitatu, ndara zilijiburuta zikasimama karibu na meza.

"Mshauri," ikasema sauti ya msichana, taratibu, "huyu mama anasema…"